Intaneti ya waya ikisumbua dukani, soma namba za laini kabla ya kununua modemu mpya

MFANYABIASHARA ambaye intaneti yake inakatikakatika kwa kawaida hufanya mambo mawili. Kwanza huzima modemu na kuiwasha tena. Hilo lisipomsaidia, huenda mjini kununua modemu mpya. Mara nyingi tatizo hubaki palepale, kwa sababu modemu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye waya, kwenye soketi, kwenye kiungio kilicholowa mvua juu ya nguzo, au kwenye namba moja tu ndani ya mipangilio.

Ni kweli kwamba wengi wetu siku hizi tunatumia intaneti ya simu za mkononi, na katika miji mingi nyaya za kioo zimeanza kufika hadi mlangoni. Hata hivyo zipo ofisi za vyama vya ushirika, maduka ya pembejeo, maghala, stesheni na nyumba za wageni ambazo bado zinategemea waya wa shaba wa simu ya mezani, yaani huduma inayojulikana kama DSL. Makala haya ni kwa ajili yao.

Hili ni suala la fedha kabla ya kuwa la ufundi. Tuchukue mfano wa duka linalopata faida ya Sh 5,000 kwa saa kutokana na shughuli zinazohitaji mtandao: kutuma fomu, kuchapisha, kuhakiki malipo. Ikiwa intaneti inakatika jumla ya dakika 40 kwa siku, katika siku 26 za kazi mwenye duka anapoteza saa 17 na dakika 20. Hiyo ni karibu Sh 87,000 kwa mwezi, na bado hujahesabu mteja aliyeondoka asirudi.

Kwa wengine hasara haipimwi kwa saa. Tangu mwaka 2022 wakala wa mbolea ya ruzuku anahitaji mtandao ili kuhakiki namba ya mkulima kabla ya kumkabidhi mfuko. Katika msimu wa 2024/2025 korosho ziliuzwa kwa mnada wa mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anayeshindana bei hawezi kuomba asubiriwe wakati taa ya modemu yake inapepesa. Na anayesubiri hadi tarehe 20 ya mwezi ndipo awasilishe ritani ya VAT anajua vizuri maana ya laini kukatika jioni hiyo.

Matuta ya shambani

Jozi ya nyaya za shaba inayoleta simu ya mezani inaweza kubeba vitu viwili kwa pamoja. Sauti hutumia masafa ya chini yasiyozidi kilohezi 4. Data hupita juu zaidi, hadi kilohezi 1,104 kwa ADSL ya kawaida na hadi kilohezi 2,208 kwa ADSL2+, ambayo viwango vyake vilipitishwa mwaka 2003. Masafa hayo yamegawanywa kama shamba lililopigwa matuta: 256 kwa ADSL na 512 kwa ADSL2+.

Modemu inapowashwa na taa ya DSL ikawa inapepesa, kazi inayofanyika ni kukagua tuta moja baada ya jingine pamoja na mtambo wa simu ulioko upande wa pili. Tuta lenye rutuba hupewa mbegu nyingi, yaani data nyingi. Lenye mawe hupewa kidogo, na lililooza kabisa huachwa. Jumla ya mbegu katika matuta yote ndiyo kasi ya laini yako. Ukilielewa hili utaona kwa nini laini mbovu si lazima ife. Inaweza kuendelea kufanya kazi kwa matuta machache, polepole na kwa kusuasua, mwaka mzima, bila mtu kugundua kwamba inaumwa.

Umbali ni mwamuzi mkubwa. ADSL2+ inaweza kufika megabiti 24 kwa sekunde kwa mtu aliye karibu sana na mtambo. Kadiri waya unavyorefuka, matuta ya juu hufa kwanza, na ukifika kilomita tano hesabu kwamba umebaki na megabiti chache tu, pengine chini ya mbili. Umbali huu ni wa waya unavyozunguka mitaani, si wa kunguru anavyoruka. Duka linaloonekana liko kilomita moja kutoka kwenye mtambo linaweza kuwa na waya wa kilomita tatu.

Anza na taa

Kabla ya kugusa chochote, tenganisha matatizo matatu ambayo watu huyachanganya. Ikiwa taa ya DSL inapepesa au imezimika, tatizo liko kwenye laini au kwenye nyaya za ndani. Ikiwa taa ya DSL imetulia lakini ya intaneti haiwaki au ni nyekundu, laini ni nzima; kinachokataliwa ni jina la mtumiaji, nywila au malipo. Ikiwa taa zote zimetulia lakini kompyuta haipati kitu, chomeka kompyuta kwenye modemu kwa kebo. Ikipata, basi ni mawimbi ya ndani yasiyo na waya, na huna sababu ya kumlaumu fundi wa laini. Nimeona watu wakilalamikia kampuni ya simu kwa wiki nzima kumbe modemu imefichwa nyuma ya friji.

Kisha tumia sikio. Chomeka simu ya mezani yenye waya, si ile ya kubeba mkononi, inua mkono wake, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukome, halafu sikiliza. Laini nzima ni kimya kabisa. Ukisikia kukwaruza, kuchemka au redio ikiongea kwa mbali, tayari umepata ushahidi, na kampuni ya simu haiwezi kukuambia kwamba tatizo ni kompyuta yako.

Kuna dalili mbili za sikio ambazo mafundi wazuri wanazijua na wateja wachache wanazifahamu. Ya kwanza: simu imekufa lakini intaneti inafanya kazi, kwa kasi ndogo. Hapo mara nyingi waya mmoja kati ya ile miwili umekatika. Sauti inahitaji nyaya zote mbili, lakini mawimbi ya data yanaweza kuruka pengo na kusafiri kwa mguu mmoja kama mtu mwenye gongo. Ya pili: intaneti inasumbua, mtu akikupigia simu ya mezani inatulia kwa saa kadhaa, kisha inaharibika tena. Hicho ni kiungio chenye kutu. Umeme wa kengele ya simu hupasua utando wa kutu kwa muda na kuunganisha tena shaba kwa shaba. Usishangilie. Kutu itarudi, na dawa yake ni fundi kukata kiungio hicho na kufunga kipya chenye jeli ndani.

Viungio vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa plasta ndivyo maadui wakubwa wa DSL katika maeneo yenye mvua. Ndiyo maana malalamiko huongezeka wakati wa masika. Ukiona intaneti yako inaharibika saa chache baada ya mvua na kupona jua likiwaka siku mbili, maji yanaingia mahali fulani. Andika tarehe za mvua. Hizo ni taarifa muhimu kwa fundi kuliko neno "inasumbua".

Vua kila kitu

Hatua inayofuata haina gharama. Chomoa simu zote, faksi, mashine ya kadi na king'ora kama vimeunganishwa kwenye laini hiyo. Acha modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza, ile inayopokea waya kutoka nje, kwa kebo fupi. Kama tatizo limekwisha, mwizi yuko ndani ya nyumba. Rudisha kifaa kimoja kimoja hadi kosa lirudi.

Mara nyingi utakuta ni filta. Kila kifaa kinachotumia sauti kwenye laini yenye DSL kinatakiwa kupitia filta, kile kiboksi kidogo kinachozuia mawimbi ya data yasiingie kwenye simu na kelele za simu zisiingie kwenye data. Modemu yenyewe haihitaji. Kosa la kawaida ni kuweka filta kwenye simu ya mapokezi na kusahau ile ya stoo. Intaneti inakuwa nzuri hadi mtu wa stoo anapoinua simu. Filta ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika habari hii, na huchakaa pia, hasa baada ya radi.

Waya za ndani zilizotandazwa na fundi wa umeme wa nyumba ni chanzo kingine. Waya wa simu unaofaa umesokotwa, nyaya mbili zikizungukana, na msokoto huo ndio unaopunguza kelele. Waya bapa wa mita 15 uliopitishwa sambamba na nyaya za umeme juu ya dari ni sawa na antena. Ni bora modemu ikae karibu na soketi ya kwanza na kebo ya kompyuta ndiyo irefuke.

Namba zinasema nini

Sasa fungua modemu. Andika 192.168.1.1 kwenye sehemu ya anwani ya kisakuzi cha kompyuta. Baadhi ya modemu hutumia 192.168.0.1 au anwani iliyobandikwa chini yake. Ingiza jina na nywila, kisha tafuta ukurasa wa hali ya laini. Utakuta namba nyingi. Za maana kwako ni nne.

Ya kwanza ni kasi ya laini, kwa kilobiti. Kumbuka kilobaiti moja ni kilobiti nane, na sehemu ya laini huliwa na vifungashio vya data. Laini ya kilobiti 4,096 itakupa upakuaji wa kama kilobaiti 430 kwa sekunde. Huo si wizi. Ni tofauti ileile ya uzito wa gunia likiwa na mahindi na mahindi yenyewe.

Ya pili ni upotevu wa mawimbi njiani, unaoandikwa kwa kifupi "Attn" au "Atten" na kupimwa kwa desibeli. Chini ya 20 ni laini fupi na bora. Kati ya 30 na 45 ni ya kawaida. Ikizidi 60, uko mwisho wa uwezo wa ADSL. Kwa kukadiria, kila kilomita ya waya wa kawaida hula kama desibeli 14, hivyo 42 ina maana ya kama kilomita tatu. Namba hii haitakiwi kubadilika. Ikiwa mwezi uliopita ilikuwa 35 na leo ni 48 ilhali duka halijahama, kiungio kimeharibika au waya umekatika nusu.

Ya tatu ndiyo ninayoiona muhimu kuliko zote: akiba ya SNR, nayo kwa desibeli. Dalali sokoni husikika kwa sababu sauti yake inazidi kelele za watu. Akiba hii ni kiasi ambacho sauti inazidi kelele, juu ya kile kinachohitajika ili mtu asikosee bei. Kwa kawaida mtambo hulenga 6 wakati modemu inaunganishwa. Ikishuka hadi 3, laini inatembea ukingoni. Ikigusa sifuri, inakatika. Kila desibeli 3 ni maradufu ya nguvu, kwa hiyo tofauti kati ya 6 na 12 si ndogo kama inavyoonekana.

Isome mchana na usiku. Ni kawaida akiba kushuka kidogo baada ya jua kuzama, kwa sababu mawimbi ya kati ya redio za mbali husafiri vizuri usiku na yanatumia masafa yaleyale ya DSL. Kama laini yako hukatika kila jioni baada ya saa 1 na kutulia usiku wa manane, usitafute mchawi.

Ya nne ni idadi ya makosa. Data husafiri ikiwa imefungwa mafungu, na kila fungu lina namba ya uhakiki, kama hati ya ghala inayosema lori lina magunia 200. Upande wa pili huhesabu upya. Hesabu ikigoma, fungu linakataliwa na kuandikwa kosa moja la CRC, na kompyuta italazimika kuliomba tena. Ndiyo maana laini inaweza kuonyesha kasi nzuri huku kurasa zikifunguka kwa shida: lori zinafika kwa wakati, lakini nusu ya mzigo unarudishwa. Pembeni utaona pia FEC. Hayo ni makosa yaliyorekebishwa njiani bila kukusumbua. FEC nyingi na CRC chache si ugonjwa.

Idadi peke yake haina maana bila muda. Makosa 300 ya CRC kwa mwezi ni kitu kidogo. Makosa 300 kwa dakika 10 ni laini inayohitaji fundi. Tazama modemu imewaka kwa muda gani, andika idadi, rudi baada ya saa moja, kisha toa.

Kelele za jirani na uzio wa ng'ombe

Kuna makosa ambayo hayatoki kwenye waya wala modemu. Yanatoka hewani. Mwaka 2020 huko Wales, kijiji cha Aberhosan chenye wakazi wapatao 400 kilikuwa kimepoteza intaneti yake kila asubuhi kwa miezi 18. Mafundi walibadilisha hadi kebo, bila mafanikio. Mwishowe walizunguka kijijini na mashine ya kupima mawimbi na kukuta kwamba saa 1 asubuhi mkazi mmoja alikuwa anawasha televisheni yake kuukuu. Ilipozimwa, kijiji kizima kilipona.

Sisi tuna vyanzo vyetu. Jenereta chakavu, inveta ya sola ya bei poa, chaja ya betri, taa za kuokoa umeme zisizo na ubora, mashine ya kuchomelea, mota ya mashine ya kusaga. Kwa wafugaji yupo mwingine anayesahaulika: uzio wa umeme. Kifaa cha uzio hutoa pigo moja la umeme kila baada ya sekunde moja hivi. Uzio ukiwa mzima hausumbui sana, lakini nyasi ndefu zikigusa waya, au kishikizo kikipasuka, kila pigo hurusha cheche, na kila cheche ni kelele inayofunika matuta mengi kwa mara moja. Kwenye simu utasikia tak, tak, tak. Kwenye modemu utaona CRC zikipanda kwa mwendo uleule. Hapo dawa ni panga la kufyekea nyasi na kishikizo kipya, pamoja na kuhamisha mche wa ardhi wa uzio mbali na ule wa nyumba na nguzo ya simu.

Chombo cha kumsaka mhalifu unacho. Chukua redio ndogo ya betri, weka mawimbi ya kati, sogeza mshale hadi mahali pasipo na stesheni, karibu na 600, kisha tembea nayo dukani na kuzunguka jengo. Ikinguruma unapokaribia kifaa fulani, kizime. Ngurumo ikikoma na makosa kwenye modemu yakaacha kupanda, kesi imekwisha.

Adapta ya modemu yenyewe nayo ni mshukiwa. Ikichoka hushindwa kutoa umeme wa kutosha, na modemu hujizima na kujiwasha wakati voltu zinaposhuka jioni. Kabla ya kuitupa modemu jaribu adapta nyingine yenye voltu zilezile na ampea zisizopungua. Kuhusu radi, hakuna hila: mawingu yakitanda, chomoa waya wa umeme na wa simu, yote miwili. Modemu iliyopigwa radi si lazima ife. Inaweza kuwaka, ikaunganisha, na kuanzia siku hiyo ikatoa makosa yasiyoisha. Azima modemu ya jirani kwa saa moja ulinganishe.

Mipangilio

Wafanyabiashara wengi huogopa ukurasa wa mipangilio, na wako sahihi kuuogopa kiasi. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kubadili chochote. Kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani kilichoko nyuma ya modemu kisibonyezwe na mtu asiye na jina na nywila ya akaunti mkononi. Hicho ndicho kinachogeuza tatizo la dakika tano kuwa la siku tatu.

Mambo yanayotakiwa kulingana na ya kampuni ni haya: namba mbili za VPI na VCI, aina ya muunganisho kama PPPoE au PPPoA, aina ya kifungashio kama LLC au VC-Mux, jina na nywila. VPI na VCI si za kubahatisha. Uingereza hutumia 0 na 38, Ujerumani 1 na 32, Italia 8 na 35. Modemu ya mtumba iliyotoka nje huja na namba za kwao, na hilo pekee linatosha kuifanya ionekane mbovu. Uliza za kampuni yako na uziandike kwa kalamu chini ya modemu.

Kama baadhi ya kurasa zinafunguka na nyingine, hasa za benki na serikali, zinakwama katikati, angalia namba ya MTU. Kwa PPPoE isizidi 1492. Iliyoachwa 1500 huleta fungu kubwa kuliko mlango. Na kama taa zote ni nzuri lakini hakuna jina la tovuti linalofunguka, jaribu kuweka DNS ya 8.8.8.8.

Aina ya DSL ni vizuri iachwe ijichague yenyewe. Ila kwa mwenye laini ndefu ya kilomita tatu au nne, ADSL2+ haimpi faida kubwa, maana matuta yale ya juu hayafiki kwake. Baadhi ya laini za namna hiyo hutulia zaidi zikilazimishwa kutumia ADSL ya zamani inayoandikwa G.dmt. Jaribu siku tatu, linganisha CRC.

Mambo mawili hufanywa na kampuni. Moja ni kuchanganya mafungu. Badala ya kupakia mzigo wa mteja mmoja kwenye lori moja, mzigo wake hugawanywa kwenye lori nyingi, ili moja likipinduka kila mteja apoteze kidogo kinachoweza kufidiwa. Gharama yake ni kuchelewa kidogo, sehemu ndogo sana ya sekunde, ambayo mwuza pembejeo hataiona. Jingine ni kupandisha lengo la SNR kutoka 6 hadi 9 au 12. Kasi itashuka, laini itatulia. Kwa maoni yangu, kwa biashara hii si jambo la kujiuliza mara mbili. Megabiti 2 zisizokatika zina thamani kubwa kuliko megabiti 4 zinazokufa mara sita kwa siku, kwa kuwa fomu ya malipo haihitaji kasi, inahitaji kufika.

Jambo moja la kuepuka ni kuzima na kuwasha modemu mfululizo. Baadhi ya mitambo huhesabu kila kukatika kama dalili ya laini mbovu na kukupunguzia kasi yenyewe. Ukiizima, subiri dakika chache, kisha iache.

Fundi akija

Wiki moja kabla ya kuita fundi, weka daftari karibu na modemu. Mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na saa 2 usiku, andika kasi, upotevu, akiba ya SNR, CRC na muda modemu imewaka. Pembeni andika mvua, jenereta, kukatika kwa umeme. Ukurasa mmoja wa namna hiyo hubadili mazungumzo. Kwa mteja anayesema intaneti ni mbovu, fundi atazima modemu na kuiwasha, iungane, atie saini na kuondoka. Kwa mteja anayesema upotevu umetoka 35 hadi 48 tangu mvua ya tarehe 12 na simu inakwaruza, atalazimika kupanda nguzo.

Mwombe apime laini akiwa hapo, modemu ikiwa kwenye soketi ya kwanza, na asome namba kabla na baada ya kazi. Omba ahamishiwe jozi nyingine kama kebo ina jozi ya akiba nzima; mara nyingi hilo ni haraka kuliko kutafuta kiungio kimoja kati ya ishirini. Pata namba ya taarifa ya tatizo, maana bila hiyo malalamiko yako hayapo.

Zipo pia laini zisizostahili kupiganiwa. Upotevu ukizidi 60 hata baada ya viungio kurekebishwa, hakuna mpangilio utakaofupisha waya. Mtaa ambao nyaya zake za shaba zimekatwa na wezi mara mbili kwa mwaka, hata ukitengenezwa leo, ni mtaa wa kutafuta njia nyingine, iwe waya wa kioo kama umefika au ruta ya laini ya simu ya mkononi. Na kwa anayeshiriki minada au kuuza mbolea ya ruzuku, ruta ndogo ya akiba yenye kifurushi kidogo ni gharama ya kuweka kwenye hesabu za msimu kama ilivyo dawa ya ghala, hata kama laini yake ya waya ni nzima.

Ukiamua kuachana na waya, andika barua ya kusitisha huduma, ibaki na nakala iliyogongwa muhuri, na urejeshe modemu kama ni ya kampuni. Kodi ya laini huendelea kuhesabiwa hata kama taa ya DSL haijawaka kwa mwaka mzima.